Mgane wa Ng'ambo

Siku Bingwa alipoondoka alikuwa amevaa kaptula ya kazi na ndala, na aliaga kama mtu anayekwenda dukani kununua sabuni.

"Naenda mjini kutafuta spea ya mashine," alimwambia mke wake. "Kabla ya saa nane nitakuwa nimerudi."

Mashine ya boti ilikuwa ikikorofisha kweli tangu juzi yake, kwa hiyo hakuna aliyemtilia shaka. Saa nane ikapita. Kesho yake ikapita. Baba yake akazunguka hospitali na vituo vya polisi, mke wake akazunguka maduka ya spea, na katika duka la tano muuzaji akakumbuka: ndiyo, jamaa mmoja mwenye ndala alinunua, akashukuru, akatoka. Siku ya nne ujumbe uliingia kwenye simu ya mzee. "Niko salama. Msinitafute. Nisameheni." Walipopiga, simu ilikuwa imezimwa, na haikuwashwa tena.

Mke wake aliusoma ujumbe ule mara mbili, akamrudishia mzee simu, akatoka kwenda kuanua majaketi ya kuokolea yaliyokuwa yameanikwa kwenye uzio. Gati zima lilimwita Yange, kwa sababu ya miguu yake mirefu na namna alivyokanyaga majini taratibu, hatua kwa hatua, kama ndege yangeyange. Bingwa ndiye aliyeanza kumwita hivyo, na wengine wakafuata. Siku ile alikunja mikanda ya majaketi yote, akayatundika ukutani kwa kufuata ukubwa, akasimama kuyatazama. Alikuwa anasubiri kilio. Hakikuja. Akaenda kuosha vyombo.

Nyumba yao ilikuwa pale mto unapoingia ziwani. Chumba cha mbele ndicho ofisi: kaunta ya mbao, daftari la wageni, ukuta wa majaketi, na kando ya dirisha meza ya baba mkwe wake. Nje kulikuwa na kayaki saba juu ya fremu ya mabomba, na boti mbili. Wageni walikuja kwa mambo matatu. Wengine walitaka kupiga kafi. Wengine walitaka kuvutwa nyuma ya boti, wateleze juu ya maji mpaka waanguke, wacheke, waombe tena. Na wengine, wale wanyamavu wenye kofia pana, walitaka kupelekwa juu mtoni kuvua kwa fimbo na mshipi, si kwa ajili ya kitoweo bali kwa raha ya kumshika samaki, kupiga naye picha na kumrudisha kwao.

Kazi ya mtoni ilikuwa ya Bingwa. Jina hilo alilipata ujanani, aliposhinda mbio za kayaki miaka minne mfululizo, na mto ule aliujua kama mtu anavyojua ngazi za kwao. Baba yake, ambaye watu walimwita Fundi, alikuwa ameacha kwenda majini tangu magoti yaanze kumgomea. Sasa alikaa mezani akitengeneza chambo bandia: visamaki vya mbao vilivyopakwa rangi, na manyoya yaliyofungwa kwenye ndoano kwa uzi mwembamba hata mtu akaapa ni mdudu hai.

Wiki mbili baada ya Bingwa kuondoka, mteja alipiga simu akiulizia safari ya mtoni. Fundi alifunika simu kwa kiganja.

"Nimwambieje?"

"Mwambie aje," alisema Yange. "Nifundishe."

Basi mzee akamfundisha. Alimwaga maji kwenye meza akamwonyesha kwa kidole jinsi mkondo unavyolizunguka jiwe, na mahali samaki mvivu anapojibanza nyuma yake kusubiri chakula kiletwe. Alimfundisha fundo la ndoano, na namna ya kumshika sangara bila kumvunja taya. Yange alishika upesi. Mikono yake ilikuwa haina haraka wala hofu, na wateja walimpenda kwa sababu hakuwa na maneno mengi. Hawakujua kwamba hakuwa na mengi ya kusema.

Watu hawakukosa la kuongea. Mwanamke aliyeachwa bila ugomvi ni kitendawili, na kila mtu ana jibu lake. Wengine walisema ana moyo wa jiwe. Dada yake mkubwa alifunga safari kuja kumwona, akamkuta anapaka mafuta kwenye gurudumu la kukunjia mshipi.

"Lia basi, mdogo wangu, hata kidogo. Watu watasema nini?"

"Waulize wanataka nilie saa ngapi, niipange. Kesho asubuhi nina wageni."

Dada alimtazama, akaanza kulia yeye. Yange akamletea kanga ajifute, akakaa karibu naye, akamsugua mgongo kama anayembembeleza mfiwa.

"Rudi nyumbani," dada alisema alipotulia. "Utakaaje kwa mkwe na mume hayupo?"

Yange alirudi kwenye gurudumu lake. Alikuwa akiamka, anafanya kazi, anakula na mzee, anaosha vyombo. Kuondoka kungehitaji kutaka jambo fulani mahali fulani, na yeye hakutaka kitu. Fundi naye hakumuuliza atakaa mpaka lini. Mwanawe hakumtaja, ila siku moja tu, akiwa amebana uzi kwenye meno, alisema, "Wanasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Huyu mimi sikumlea hivi." Kisha akaendelea kufunga manyoya.

Mwezi wa kumi na moja tangu Bingwa aondoke, akaja daktari wa meno.

Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye kofia mpya na sanduku la chambo lililojaa kuliko duka. Aliweka nafasi kwa simu kupitia kwa Fundi, na asubuhi alipopanda boti alimwamkia Yange kwa heshima, akamwita dada, na kutoka hapo hakunyamaza. Alisimulia watoto wake, gari lake, mgonjwa aliyemng'ata kidole. Yange aliongoza boti kuupanda mto, akiitikia "ehe" panapostahili.

"Unajua dada, watu wanaogopa sindano ya ganzi," alisema daktari. "Mimi huwaambia, ganzi si ugonjwa, ganzi ni huduma. Shida inakuja ikitoka."

"Huwa inatoka baada ya muda gani?"

"Inategemea jino."

Walipita pinda la kwanza, wakapita la pili. Daktari akainuka nusu, akachungulia mbele.

"Mimi nataka pinda la tatu. Si hapo mbele ya mwamba wanapovua wote. Nyuma yake, palipo na shimo. Unaingia kwa kushikilia mizizi, sivyo?"

Yange alizima mashine. Boti likaanza kurudi nyuma taratibu na mkondo. Shimo lile halikuonekana kutoka mtoni, na halikuwa kwenye ramani yoyote. Walilijua watu watatu: Fundi aliyeligundua, Bingwa aliyerithishwa, na yeye.

"Nani alikuambia?"

"Mwongozaji wangu wa ng'ambo. Mwezi uliopita nilikuwa kule kwenye kambi ya michezo, upande wa pili wa ziwa. Kijana hodari, wanamwita Bingwa. Nilimwambia nataka samaki wa kunisimamisha nywele, akaniambia, daktari, huku hutampata, nenda kwenye mto fulani, pinda la tatu. Nikamwambia twende wote. Akasema hawezi kurudi huku." Daktari alishusha sauti. "Ni mgane yule. Mkewe alifia kwenye mto huuhuu."

Yange aliwasha mashine, kwa sababu boti lilikuwa linaelekea mawe.

"Alikufaje?" aliuliza.

"Kayaki ilipinduka wakati wa mafuriko. Alimshika mkono, ukateleza. Hata mwili hawakuupata. Na anavyomsimulia, dada! Alikuwa mwanamke mpole, mrefu, hodari wa kazi." Alitoa simu, akapekua. "Ngoja uone samaki niliyempata kule, si mbaya naye."

Katika picha daktari alikuwa amekumbatia kambare kama mtoto mchanga. Kando yake alisimama Bingwa, amefuga ndevu, amekonda. Nyuma yao lilionekana boti jeupe, jipya, na ubavuni limeandikwa kwa rangi ya buluu: YANGE.

"Hilo ndilo jina la marehemu," alisema daktari. "Walimkabidhi boti wakamwambia achague jina. Mimi mtu mzima, machozi yalinilengalenga. Hivi wewe mwenyewe dada nikuite nani? Hata sijakuuliza."

"Niite dada tu."

Alimpeleka nyuma ya mwamba. Wakashikilia mizizi, wakaingia. Katika mrusho wa tatu fimbo ilikunjika kama upinde, na kwa nusu saa daktari hakuwa na nafasi ya kusema neno zaidi ya kutaja jina la Mungu. Yange alimwelekeza: legeza, mwache aende, sasa vuta. Alipomfikisha sangara ubavuni mwa boti alimtia wavuni, akampima kwa utepe, akamshikisha daktari apigwe naye picha, akamchomoa samaki ndoano mdomoni, akamshikilia majini mpaka alipopata nguvu akaondoka zake.

"Dada, unatoka damu!"

Yange alitazama. Ndoano ilikuwa imemwingia kwenye dole gumba, imezama mpaka kwenye kipingo, kile kijino kinachoizuia isichomoke. Alikuwa hajui imeingia saa ngapi. Daktari aliitoa yeye mwenyewe kwa koleo, akimpa pole mfululizo kwa ile sauti anayoitumia kazini, na Yange akamnyooshea dole hilo kama la mtu mwingine.

Alimweleza Fundi jioni ileile, wakiwa mezani, chakula hakijaisha. Alieleza kwa utaratibu: pinda la tatu, kambi ya ng'ambo, ndevu, boti, mafuriko, mkono ulioteleza. Alipomaliza, mzee alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Marehemu," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Tangu lini?"

"Tarehe sikuambiwa."

Mzee alisogeza sahani.

"Unataka kufanya nini, mwanangu?"

"Kwenda."

"Kufanya nini huko?"

Yange alifikiri kwa uaminifu, kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu asichokiuza. "Sijui. Kuonekana."

"Basi tunakwenda wawili," alisema Fundi. "Maiti haisafiri peke yake."

Wakatazamana. Kitu kama kicheko kilimpitia mzee puani, kisha akafunika uso kwa mikono miwili. Yange akakusanya sahani.

Jumamosi walianza safari kwa boti kubwa, na madumu matatu ya petroli. Ziwa lilikuwa limetulia. Mzee alikaa mbele amejifunga jaketi mpaka kidevuni, akitazama mbele, na kwa saa nne hawakuzungumza zaidi ya "kuna wimbi" na "chai bado ipo?" Yange alijaribu kupanga maneno. Alianza na matusi, kwa kuwa ndiyo yaliyostahili, lakini kila tusi alilolichagua lilikuwa kama nguo ya kuazima. Mwishowe akaacha, akashika usukani.

Kambi ilikuwa imechangamka. Siku hiyo kulikuwa na mashindano: kayaki za rangi zote zilielea karibu na ufuko, mizani ya kupimia samaki imetundikwa kwenye nguzo ya chuma, kipaza sauti kinaita majina. Mwanamke mmoja wa makamo, mwenye filimbi shingoni na karatasi mkononi, aliwajia mbiombio akidhani ni washiriki waliochelewa. Ndiye aliyekuwa mwenye kambi.

"Karibuni, karibuni. Mmejiandikisha?"

"Hatukuja kushindana, mama," alisema Fundi. "Mimi ni baba yake Bingwa."

Uso wa mama yule ulibadilika. Alitia karatasi kwapani, akamshika mzee mikono yote miwili.

"Jamani, mzee wetu! Poleni. Poleni sana kwa msiba ule. Kijana wako tulimpokea akiwa hajiwezi. Kula hali, kulala halali. Nilimwambia, baba, lia, hapa hakuna wa kukucheka. Mkweo alikuwa mtu mwema, tunaambiwa."

"Ni mtu mwema," alisema Fundi.

"Mungu amrehemu. Na huyu mwenzako?"

Mzee alimtazama Yange. "Huyu ni binti yangu."

"Pole na wewe, mwanangu," alisema mama mwenye kambi, akamshika bega. Yange akaitikia, "Tumeshapoa."

Hapo ndipo boti jeupe lilipoingia ghubani kwa kasi, likimvuta kijana mmoja aliyekuwa akiteleza kwa madaha, mkono mmoja hewani, kuwaonyesha watazamaji. Bingwa alikuwa kwenye usukani. Aligeuka kuangalia gati apunguze mwendo, akamwona baba yake, akamwona aliyesimama kando ya baba yake. Mashine ikazima ghafla. Yule aliyekuwa akivutwa alizama kidogokidogo, mpaka zikabaki mbao zake mbili za kutelezea zimetokeza majini na sauti inayouliza, "Vipi tena, kaka?"

Walizungumza ndani ya stoo, katikati ya makafi na maboya. Bingwa alifunga mlango, akasimama ameuegemea. Kwanza baba yake ndiye aliyesema.

"Umekonda."

"Shikamoo, Baba."

Mzee hakuitikia. Alikaa juu ya sanduku, akakunja mikono juu ya fimbo yake ya kutembelea. Bingwa akamgeukia mkewe.

"Spea uliipata," alisema Yange. "Muuzaji alituambia."

"Niliipata. Nikaenda nayo stendi. Basi la kule kwetu likaja, nikaliangalia mpaka likaondoka. Likaja la pili. Sikuwa nimepanga, Yange, naapa. Sikuwa na mwanamke, sikuwa na ugomvi na mtu. Nilikuwa sisikii kitu. Kwako, kwa Baba, kwa mto. Mwaka mzima nilikuwa nacheka na wateja na ndani hamna kitu, kama dumu. Nikafikiri nikienda mbali nitasikia."

"Ukasikia?"

"Nilipofika hapa waliniuliza kama nina mke. Nikasema ninaye. Wakasema, mlete basi, kuna chumba. Sasa ningesemaje? Kwamba nimemwacha tu? Bila kosa? Neno likanitoka: amefariki." Alimeza mate. "Ndipo nikalia. Nililia wiki nzima. Sikuigiza. Nililia kwelikweli, walitaka kunipeleka hospitali."

Nje filimbi ilipigwa, watu wakashangilia. Yange alikuwa akimtazama mume wake, ndevu zile, na makovu madogo ya mshipi kwenye vidole alivyovijua. Alisubiri asikie kitu, hata kipande. Chuki, huruma, chochote. Alichokipata ni wazo moja tu, lililonyooka kama mstari: huyu amenizika, akapata machozi yake, na mimi niliyebaki hai sijapata yangu.

"Basi umenizidi," alisema. "Mimi sijalia."

"Nisamehe."

"Nenda ukawaambie."

"Leo? Leo kuna mashindano, Yange. Wiki ijayo nitawakalisha vizuri, nitawaeleza..."

"Wanasema njia ya mwongo ni fupi," alisema Fundi kutoka kwenye sanduku. "Yako wewe imevuka ziwa zima. Inatosha. Inuka."

Walitoka wote watatu. Mama mwenye kambi alikuwa kwenye mstari wa kuanzia, washiriki wa mbio za kayaki wamejipanga majini, makafi juu. Alipowaona aliwapungia waje. Bingwa alitangulia. Alisimama mbele ya mama yule, jasho linamtoka, akasema, "Mama, kuna jambo sijakuambia. Huyu..." Akamtazama Yange, akamtazama baba yake, akawatazama wenzake wa kazini waliokuwa wamesogea. "Huyu ni pacha wa marehemu."

Fundi aligonga fimbo chini mara moja. Lakini mama mwenye kambi alikuwa ameshamvamia Yange, amemkumbatia kwa nguvu, filimbi inambana kifuani. "Pacha! Jamani, pacha! Ndiyo maana nilipokuona tu moyo ulinishtuka." Alikuwa akilia, mwili mzima unatikisika, na Yange alisimama ndani ya kumbatio lile, mikono imening'inia, akinusa mafuta ya nywele ya mwanamke asiyemjua. Aliona ni vibaya kumwacha mtu anaendelea hivi bure.

"Mama," alisema taratibu sikioni mwake. "Mimi sina pacha. Mimi ndiye niliyekufa."

Mama yule alicheka kidogo, kama mtu asiyesikia vizuri. Kisha akaacha kucheka. Alijitenga hatua moja, mkono bado umeshika shati la Yange, akamgeukia Bingwa, na Bingwa akainamisha kichwa. Hakuhitajika mwingine kueleza. Watu thelathini walikuwa wamekaa kwenye kayaki wakisubiri, na mmoja akapaza sauti, "Mama, tunaanza au hatuanzi?"

"Ngojeni," alisema. Akajifuta macho kwa kiganja, akahesabu mpaka tatu, akapuliza filimbi. Maji yakachafuka, wakaondoka. Aliwatazama mpaka wa mwisho alipopita boya, ndipo akamgeukia Bingwa tena.

"Nilikuhamishia chumba cha karibu na ofisi," alisema, "ili usilale unawaza peke yako. Wapishi walikuwa wanapokezana kukuangalia." Alikuwa kama anasoma orodha. "Kabidhi funguo za boti. Usiniambie chochote leo, nitakupiga na hii filimbi."

Bingwa akavua funguo shingoni, akazitoa. Wenzake walifungua njia, wakamtazama akipita, na mmoja wao, mtu mzima, alitema mate pembeni. Kisha akamkimbilia Yange, akasema hana la kusema, ila hata yeye alimlilia, na je, angependa maji ya kunywa? Yange akasema angependa.

Wakati wa kuondoka Bingwa aliwafuata gatini na begi lake.

"Baba, nirudi nyumbani?"

Fundi alikuwa anashuka kuingia botini, goti moja linakataa, Yange anamshika kiwiko. Mzee hakugeuka. "Muulize mwenye nyumba."

Bingwa akamtazama mkewe.

"Huyu ni baba yako," alisema Yange. "Njoo umsalimie siku unayotaka, chakula utakula. Lakini kwangu usirudi. Na karatasi za talaka nitakuletea ofisi yoyote utakayosema, uweke sahihi."

Hakupandisha sauti. Bingwa alitikisa kichwa kukubali, haraka haraka, kama mtu aliyepewa adhabu ndogo kuliko aliyoitegemea, na ndipo akaonekana kuvunjika.

Njiani kurudi mzee alikaa palepale mbele, uso umeelekea nyumbani. Katikati ya ziwa Yange aliona mabega yake yanatikisika. Alifikiri kumwita, akaona ni heri amwachie mgongo wake. Akapunguza mwendo kidogo ili boti lisirukeruke.

Karatasi zilitiwa sahihi mwezi uliofuata, katika ofisi yenye feni mbovu, bila neno la zaidi. Bingwa alipata kazi ya kukata tiketi kwenye kivuko, akawa anampigia baba yake simu kila Jumapili, na mzee anaipokea, anasema "ehe" nyingi. Dada yake Yange alipiga kuuliza anakuja lini nyumbani. Yange alimjibu bado, wageni ni wengi. Aliacha chumba kikubwa, akahamishia kitanda chake kwenye chumba kidogo cha uani ambako zamani waliweka mahema.

Asubuhi moja huko alipitiwa na usingizi. Haikuwahi kumtokea. Alipoamka jua lilikuwa kwenye ukuta wa pili, na nyumba ilikuwa kimya. Alitoka mbele, akakuta meza ya Fundi haina mtu, na fremu ya kayaki ni tupu, zote saba hazipo. Kwenye daftari la wageni ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko wa mzee: walimu sita. Akakimbilia gatini.

Walikuwa mbali kidogo, pale mto unapokutana na ziwa na mikondo miwili inasukumana. Walimu sita, wanawake kwa wanaume, wamefungwa majaketi vizuri. Na mbele yao, katika kayaki ya saba, mzee wa miaka sabini na mbili, na shati lake la kushindia, kichwa wazi, vifungo wazi, hana jaketi, ameinua kafi anawaeleza jambo huku kayaki inayumba.

"Baba!"

Sauti ile ilimshtua yeye mwenyewe. Walimu wote wakageuka.

"Jaketi lako liko wapi?"

"Sikuliona!" Fundi alijibu kwa mbali.

"Hukuliona! Yamejaa ukuta mzima hukuliona hata moja? Unataka nikakutafute wapi? Niambie, nikakutafute wapi wewe! Na magoti hayo! Mtu mzima huna akili!"

Katika miaka yote ya kuishi nyumba ile hakuwahi kumkosea mzee adabu hata kwa jicho. Sasa alikuwa amesimama ukingoni, machozi yanamtoka kwa hasira mpaka hawezi kuyafuta, anamfokea baba mkwe wake mbele ya watu. Mwalimu mmoja akacheka, mwingine akamkanya. Fundi alishusha kafi, akageuza kayaki, akaanza kurudi polepole kama mtoto aliyeitwa.

"Samahani, mama," alisema alipokaribia.

"Usiniambie samahani!"

Alirudi ndani mbio, akachomoa jaketi ukutani, akalirusha. Halikumfikia, likaanguka majini katikati yao. Ikabidi aingie kulifuata na nguo zake, maji yakampanda mpaka kiunoni, na yalikuwa ya baridi kali, na akasema hivyo kwa sauti, akaongeza na neno jingine ambalo walimu hawakulitegemea. Alilishika jaketi, akamvalisha mzee hukohuko majini, akifunga mkanda mmoja baada ya mwingine.

"Linanibana," alisema Fundi.

"Likubane," alisema Yange, akavuta mkanda wa chini mpaka ukagota.